Vidonge Ambavyo Hatukuviandika

Mimi ni Abdulhakim bin Zubair bin Mzee bin Athman, wa mtaa wa Shella hapa Malindi. Athman alihamia kutoka kisiwa cha Pate akiwa na sanduku moja la dawa za miti, akafungua duka la viungo na mitishamba ambalo mimi ninalo hadi leo. Mwanawe, babu yangu, jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mzee, na watu walimwamkia kwa jina hilo tangu akitambaa. Baba yangu Zubair alisoma vitabu vya tiba akavijua kwa moyo. Katika watu hao watatu hapana hata mmoja aliyepata kulaumiwa kwa kupunja mizani, wala kwa kumpa mgonjwa kitu asichokijua. Wakubwa wa mji walipokosa shahidi katika shauri fulani, waliuliza, "Nyumba ya Athman wasemaje?" Tukishasema, shauri lilikuwa limekwisha.

Nimewataja wazee wangu ili msomaji ajue ukubwa wa kitu nilichokichezea. Habari ninayoieleza ni ya kosa la mjukuu wangu, na ya kosa langu, ambalo lilikuwa kubwa kuliko lake.

Mjukuu wangu huyo anaitwa Tasneem. Ana umri wa miaka kumi na miwili, yuko Gredi ya Saba. Wazazi wake wanafanya kazi katika hoteli moja kule Kikambala, kwa hiyo anaishi nasi, mimi na bibi yake, Bi Jaha. Kila alasiri akitoka shuleni hupita dukani kwanza. Hunisalimu, "Shikamoo, babu," nami humwitikia, "Marahaba." Kisha hunawa mikono, huvaa aproni, na kuchekecha manjano niliyotwanga asubuhi. Mikono yake huwa ya rangi ya manjano mpaka kwenye viwiko, na wenzake shuleni humtania kwamba anajipodoa kama bibi harusi. Yeye hajali. Anapenda kazi ile, nami nilikuwa nikijiambia kwamba duka limepata mrithi.

Mwezi wa Juni, upepo wa baridi ulipoanza, mafua yaliingia mjini. Kila nyumba ilikuwa na mtu anayekohoa. Mwalimu wa sayansi, Mwalimu Viola, akaona kwamba hiyo ni nafasi ya kuwafundisha wanafunzi utafiti.

"Virusi vya mafua vikiingia kooni," aliwaeleza, "mwili hupigana navyo. Damu na chembe za kinga hukimbilia pale penye vita. Nyama ya ndani inakuwa nyekundu, inapata joto, inavimba. Uvimbe huo ukizidi, ndio unaomtesa mgonjwa."

Kahonzi, anayekaa dawati moja na Tasneem, akainua mkono. "Mwalimu, mjomba wangu ana mafua siku mbili sasa na hajavimba popote. Amekonda."

Darasa lilicheka. Mwalimu Viola naye alicheka. "Uvimbe huo uko ndani, Kahonzi. Uko kooni na kifuani, huuoni kwa macho. Sasa, tangawizi na manjano zina kemikali ambazo watafiti wameziona zikituliza uvimbe katika maabara. Lakini chembe zilizomo ndani ya chupa si mtu mzima anayelala na kula. Kikombe cha tangawizi kinamsaidia mgonjwa wa mafua kiasi gani? Hatuna hakika. Asiye na hakika hupima, na anayepima huandika kila kitu."

Hivyo Tasneem na Kahonzi wakapewa kazi pamoja. Bi Jaha alikuwa ameamka na mafua siku hiyo hiyo. Yeye angekunywa tangawizi na manjano zilizochemshwa kwa kipimo cha nyumba yetu, mara tatu kwa siku. Mjomba wa Kahonzi angekunywa maji ya moto matupu. Wote wawili walikubali, na Mwalimu Viola alinipigia simu kuniomba ruhusa. Kila mtoto alipewa kipimajoto na daftari lililopigwa mistari: tarehe, joto la asubuhi, joto la jioni, maumivu ya koo, kinywaji, na mwisho kabisa, safu iliyoandikwa "Dawa nyingine". Mwalimu aliigonga safu ile kwa kidole. "Chochote kitakachoingia kinywani mwa mgonjwa, kiandikwe hapa. Safu hii ikidanganya, daftari zima limedanganya."

Siku ya kwanza, Jumatatu, mambo yalikwenda sawasawa. Tasneem alichemsha kinywaji, akakiacha kipoe kidogo, akamshikia bibi yake kikombe.

"Kikali hiki," Bi Jaha akalalamika. "Babu yako kanitilia shamba zima la tangawizi."

"Kunywa tu, bibi. Ni sayansi."

"Sayansi imeniunguza ulimi."

Jumanne asubuhi, Tasneem akiwa shuleni, kifua cha Bi Jaha kilibana. Mke wangu ana ugonjwa wa sukari na umri wake umekwenda. Sikungoja. Nilimpeleka kliniki, na muuguzi aitwaye Priscilla akampima, akampa vidonge vya kushusha homa na vingine vya kuzuia virusi visiendelee kuzaana. Nilivihesabu mimi mwenyewe katika kiganja cha mke wangu, asubuhi na jioni, siku tano.

Tasneem aliporudi siku ile, bibi yake alimwambia wazi, "Leo nimepewa vidonge, mjukuu wangu. Usisahau kuandika."

Tasneem hakusahau. Alikaa na daftari mapajani muda mrefu. Baadaye alinieleza yaliyokuwa moyoni mwake. Aliona kwamba akiviandika vidonge, hakuna atakayejua kilichomponya bibi yake ni kipi, na kazi yake yote itakuwa haina maana. Akafikiri pia kwamba dawa ya nyumba yetu ni nzuri, ingemponya tu hata bila vidonge, kwa hiyo hamdanganyi mtu. Akashika kalamu, akaandika katika safu ya mwisho: "Hakuna." Kesho yake akaandika tena, na keshokutwa, mpaka siku saba zikatimia.

Homa ya Bi Jaha ilishuka siku ya tatu. Ya mjomba wa Kahonzi ilishuka siku ya tano.

Jumapili jioni Tasneem aliniletea daftari nilisome kabla ya kulipeleka shuleni. Nililisoma kama nilivyofundishwa kusoma zamani, mstari kwa mstari, kidole kikifuata. Joto lilikuwa limeandikwa vizuri. Tarehe zilikuwa sahihi. Nikafika safu ya mwisho, nikakuta "Hakuna" mara saba, moja juu ya nyingine.

Nilivua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena.

"Umemaliza?" nikamwuliza.

"Nimemaliza, babu."

Alikuwa akiniangalia. Sasa najua kwamba alikuwa akingoja nimkemee, na kwamba ningemkemea angelia kidogo, akasahihisha, na mambo yangeishia pale kwenye mkeka wetu. Lakini nilikwisha kuona katika akili yangu jina la nyumba yetu likisomwa mbele ya wazazi wa shule nzima. Niliufunga ule ukurasa.

"Mwandiko wako mzuri," nikasema. Basi, ni hayo tu niliyoyasema.

Siku ya maonyesho ya sayansi ilikuwa Ijumaa iliyofuata. Tasneem na Kahonzi walisimama mbele na chati yao, wakaeleza. Walipotangazwa washindi, mkuu wa shule alisema kwamba watakwenda Kilifi, kwenye mashindano ya kaunti, kuiwakilisha shule, akaongeza kwamba tiba hii imetoka nyumba ya Athman, ambayo mji mzima unaijua. Watu walipiga makofi. Mimi nilikaa kiti cha mbele nikiwa nimevaa koti langu la sherehe. Safu ya mwisho niliijua, lakini nilikaa kiti cha mbele.

Tasneem alinyamaza njia nzima tukirudi. Kahonzi alikuwa akirukaruka pembeni yake. "Mbona huongei? Umeshavimba wewe. Huo ndio uvimbe alioutaja mwalimu, naona mpaka shingo imenenepa."

"Niache, Kahonzi," Tasneem akasema.

Jumamosi watu walianza kuja dukani. Walitaka "ile ya Bi Jaha". Nilifunga vipimo katika karatasi nikawapa, na nyumba saba za mtaa wetu zikachukua. Jumatatu mapema akaja Nyevu. Nyevu ni mjane anayeuza viazi karai karibu na lango la shule, naye ana mtoto mmoja tu, Mbodze, wa miaka mitano. Kitambaa cha kichwa alikifunga ovyo, kama mtu ambaye hakulala.

"Mzee, Mbodze ana homa tangu juzi, na kifua kimemkamata. Nilikuwa nimekwisha mvalisha viatu nimpeleke kliniki, jirani akaniambia nipite kwako kwanza. Eti Bi Jaha alipona bila kumeza hata kidonge kimoja. Ni kweli, mzee?"

Aliniuliza swali lililonyooka, na mimi nilikuwa na jibu lililonyooka. Lakini nilimjibu hivi: "Mambo yamepimwa shuleni, yameandikwa."

Maneno hayo hayakuwa uongo, wala hayakuwa kweli. Nyevu aliyapokea kama kweli, kwa kuwa niliyasema mimi. Nikamfungia vipimo vya siku mbili, nikakataa malipo yake, nikajiona mkarimu. Akarudi nyumbani kumvua mtoto viatu.

Jumatano alasiri nilimtuma Tasneem ampelekee Nyevu vipimo vingine. Nyumba yao haiko mbali. Baada ya muda mfupi nikamwona anarudi mbio, karatasi bado iko mkononi, hajaifungua. Alisimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Babu, Mbodze anapumua vibaya. Anapumua mbio mbio, na kila akivuta pumzi, nyama za chini ya mbavu zinaingia ndani. Midomo imepauka. Mama yake anamnywesha dawa yetu, inamtoka puani."

Nilianza kutafuta fimbo yangu.

"Babu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Bibi alimeza vidonge. Mimi niliandika 'Hakuna'."

"Najua," nikamwambia.

Aliniangalia kwa namna ambayo sitaisahau. "Ulijua?"

"Niliona siku ile ile uliponipa daftari. Nikanyamaza."

Nilifunga mlango wa duka bila kuingiza magunia ya nje, nikamsimamisha kijana wa tuktuk aliyekuwa akipita, tukaenda kumchukua Nyevu na mtoto wake. Nyevu alipoona nimekuja mimi mwenyewe alishukuru. "Mzee, umejisumbua," akasema, huku amemkumbatia Mbodze kwenye leso. Shukrani ile ilinichoma kuliko tusi.

Kliniki, muuguzi Priscilla alimtazama mtoto mara moja akamwita mwenzake. Walimlaza, wakamfunga barakoa ya oksijeni, wakamtia sindano ya mshipa. Kishindo kilipopungua, Priscilla alitujia na karatasi yake.

"Ameanza kuumwa lini?"

"Jumamosi," Nyevu akajibu.

"Leo Jumatano. Mama, mbona ulingoja? Mafua yameshuka mpaka kwenye mapafu, na sasa ana homa ya mapafu. Ungemleta Jumatatu, ningempa dawa akarudi nyumbani. Ungengoja mpaka kesho, sijui ningekuambia nini."

Nyevu alifuta uso kwa ncha ya leso. "Nilikuwa nampa dawa. Ile ya Mzee Abdulhakim. Bi Jaha alipona kwa hiyo peke yake, imeandikwa hata shuleni."

Priscilla aliacha kuandika. Aligeuka akanitazama, kwa kuwa ni yeye aliyempa Bi Jaha vile vidonge, na ni mimi niliyesimama mbele yake nikivipokea. Alinipa nafasi, nami nikashindwa kuitumia.

Aliyesema ni Tasneem.

"Si kweli, mama Mbodze. Bibi alipewa vidonge hapa hapa kliniki. Mimi nilijua, nikaandika kwamba hakumeza kitu. Nilitaka kazi yangu iwe nzuri." Alikuwa akilia, lakini alimaliza sentensi yote.

Hapo nami nikapata ulimi. "Mtoto amekosa," nikasema, "lakini mtoto alinipa daftari nilisome. Nilisoma, nikaona, nikanyamaza kwa kupenda sifa. Na wewe Nyevu uliponiuliza dukani kwangu, ana kwa ana, nilikupa maneno ya kukupotosha. Mwenye kosa la Mbodze ni mimi."

Nyevu hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akasema polepole, "Nilikuwa nimekwisha mvalisha viatu." Akainuka, akaenda kukaa kando ya kitanda cha mwanawe, akatugeuzia mgongo.

Tulikaa barazani pale kliniki, mimi na Tasneem, hatujui kama tunastahili kukaa au kuondoka. Baadaye kidogo Priscilla akatoka. "Anapumua vizuri zaidi," akasema. "Ni mapema, lakini nina matumaini." Kisha akaketi karibu na Tasneem. "Unataka kujua dawa ya babu yako inafanya nini?"

Tasneem akatikisa kichwa kukubali.

"Tangawizi ya moto inalainisha koo, na huenda inatuliza uvimbe kidogo. Mimi mwenyewe nikiwa na mafua naichemsha. Lakini haiui virusi, na bakteria wakishaingia kwenye mapafu ya mtoto, haiwezi kuwatoa. Mtu mzima mwenye afya akiwa na mafua hupona kwa siku chache hata kwa maji matupu. Mtoto mdogo, mzee, mja mzito, mwenye sukari, hao hawangojwi. Na yeyote anayepumua kwa shida hangojwi hata saa moja. Kama ungeandika vile vidonge, kazi yako ingetufundisha kitu. Ulipovificha, ilitufundisha uongo, na uongo wenyewe una chati."

Kesho yake asubuhi nilikwenda shuleni pamoja na Tasneem. Sikumwacha aende peke yake, na yeye hakuniacha niseme peke yangu. Mwalimu Viola alisikiliza mpaka mwisho, akaliomba daftari, akachukua kalamu nyekundu, kisha akabadili nia akampa Tasneem ile kalamu. "Sahihisha wewe."

Tasneem alipiga mstari juu ya "Hakuna" mahali pote palipokuwa na uongo, akaandika vidonge vilivyomezwa, siku kwa siku. Siku mbili tu zilibaki zilivyokuwa: ya kwanza na ya mwisho.

"Wewe na Kahonzi hamtakwenda Kilifi," Mwalimu Viola akasema. "Kundi la pili ndilo litakalokwenda. Na kesho kwenye gwaride utawaeleza wenzako sababu."

Kahonzi aliitwa akaambiwa. Akasema, "Nilimpima mjomba wangu siku saba. Jumatano alinifukuza na kipimajoto, nikarudi kupitia dirishani. Sikuruka hata siku moja. Sasa na mimi sitakwenda kwa sababu yako."

"Nisamehe," Tasneem akasema.

"Sijui," Kahonzi akajibu. Akahama dawati. Alikaa siku nne bila kumsemesha mjukuu wangu, na siku ya tano akamwomba rula, akairudisha bila asante. Tasneem alirudi nyumbani siku hiyo amefurahi kwa ajili ya rula.

Zilibaki zile nyumba saba. Tulizunguka mimi na Tasneem, mlango kwa mlango, mchana kweupe, na kila mahali tulipiga hodi, tukasema yale yale: Bi Jaha alimeza vidonge vya kliniki; viungo hivi si badala ya tiba; nyumbani kuna mtoto au mzee mgonjwa? Watu wengine walitufariji. Mwanamke mmoja, Widad, ambaye nilimfundisha kusoma Kurani alipokuwa mdogo, alinitazama, kisha akainamisha macho akasema, "Hata wewe, maalimu?" Nyumba ya mwisho alikuwamo mzee wa rika langu, akasikiliza kwa makini, akacheka mpaka akakohoa. "Mimi ile dawa yako sikuitumia kama dawa. Niliitia kwenye chai. Chai ilikuwa nzuri." Tasneem alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya maonyesho, nami nilimwacha acheke.

Mbodze alikaa kliniki siku sita. Kila siku Bi Jaha alipika chakula, naye Tasneem alikipeleka. Siku mbili za kwanza Nyevu alikipokea bila kumtazama. Siku ya tatu alimwambia, "Kaa umlishe, mikono yangu imechoka." Tasneem alimlisha Mbodze uji kijiko kwa kijiko, na mtoto akamwuliza kwa nini vidole vyake ni vya manjano. "Ni kazi ya babu yangu," akamwambia. "Je, na wewe ni mgonjwa?" mtoto akauliza.

Wiki moja baada ya kutoka kliniki, Nyevu aliingia dukani. Nilisimama. Aliangalia makopo yangu yote kwa zamu.

"Nipe tangawizi, mzee."

Nikasita. "Ya nini, mwanangu?"

"Ya chai," akasema. "Dawa nikiitaka, najua pa kuipata. Na ukinipa, niambie tangawizi ni tangawizi."

Nilimpimia. Alingoja kwa subira mpaka mshale wa mizani ukatulia.

Sasa ninyi vijana mnaosoma maneno haya, nisikilizeni. Sikuandika ili mnihurumie. Mitishamba ina faida yake, na wenye elimu wanaendelea kuichunguza kwa haki. Msiidharau, wala msiisifu kwa uongo. Mnapopima, andikeni kilichotokea, hata kama kinaiharibu kazi yenu. Mkiona mkubwa amenyamaza mahali pa kusema kweli, semeni ninyi, kwa adabu, hata kama mkubwa huyo ni babu yenu mnayempenda. Na mkimwona mtoto anavuta pumzi kwa shida, msiulize jirani alipona kwa dawa gani. Mvalisheni viatu, mwende naye sasa hivi.